Joho la Surat

Kufuli halikuvunjwa, na hilo ndilo lililomtia Placide ndani.

Kabati la vioo lilikuwa na funguo mbili. Mmoja ulikaa chumba cha walinzi, mikononi mwa Placide, Mkongo wa Bukavu aliyelinda jumba hilo la sanaa la Braamfontein, Johannesburg, tangu lifunguliwe. Wa pili alikuwa nao mwenye mali, Yunus Kapadiya, tajiri wa maduka ya vitambaa. Asubuhi moja joho la Surat, zawadi ya mfalme wa Mughal kwa mfanyabiashara mkubwa wa bandari hiyo ya Bara Hindi zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, ambaye Kapadiya alimtaja kuwa babu wa ukoo wake, halikuwamo kabatini. Polisi wakazitazama funguo mbili, wakamtazama tajiri, wakamtazama mlinzi mwenye karatasi ya ukimbizi, na upelelezi wao ukaishia hapo.

Mayasa Bakiri hakupenda upelelezi wa kukaa kitini. Alikuwa mpelelezi wa kampuni ya bima iliyotakiwa kumlipa Kapadiya fidia, binti wa Tanga mwenye viatu bapa na ulimi usio na subira. Jumatatu Placide angesimamishwa mbele ya hakimu. Akitiwa hatiani, kibali chake cha ukimbizi kingefutwa na angerudishwa kule kule alikokimbia risasi, awaache mke na mtoto wao Gaëlle Johannesburg. Mayasa alikuwa amezungumza naye mahabusu, na alimwamini. Kilichobaki ni kupata kitu cha kumwekea hakimu mezani, maana hakimu hahukumu kwa imani ya Mayasa.

"Hebu nionyeshe lilivyotundikwa," alimwambia Falonne, msimamizi wa jumba, mwanamke wa Lubumbashi aliyekuwa hajapata usingizi tangu wizi utokee.

Falonne alinyoosha mikono mbele ya kabati tupu. "Mugongo njo ulikuwa unaangalia batu, dada. Broderie yote, ile ya kutarizi, iko ku mugongo, ya zahabu, muzuri kabisa."

"Na kifua?"

"Kilikuwa kinaangalia ukuta. Hakuna mutu alikiona."

"Hata mmoja?"

"Labda yule mutaalamu wa manguo ya zamani angekiona. Anatoka Paris juma hili. Alikuwa atalitoa inje, aliangalie mbele na nyuma." Falonne alipuliza pumzi. "Sasa ataangalia kabati. Eish."

"Kapadiya alijua huyo mtaalamu anakuja?"

"Nilimwambia miye mwenyewe. Hakufurahi. Lakini matajiri banafurahia nini?"

Mayasa alitabasamu, kisha akaacha kutabasamu. Alikwisha kumfuta Kapadiya kwenye orodha yake ya washukiwa tangu siku ya kwanza. Biashara zake zilikuwa nzima, hadaiwi na mtu, na fidia ya joho kwake ilikuwa hela ya kununulia farasi mmoja. Mtu wa namna hiyo haibi mali yake ili alipwe na bima. Hesabu ilikuwa sahihi, na ndiyo maana ilianza kumkera.

Pale mapokezini, karibu na mlango, palitundikwa joho la pili. Hili lilikuwa la kuigiza, lililoshonwa ili wageni walivae na kupigwa picha, na wanafunzi walikwisha kulichafua ukosi. Brigitte, mke wa Placide, ndiye aliyelishona. Kwa polisi huo ulikuwa ushahidi mwingine: mke alilipima joho la asili, mume ana ufunguo, njama imekamilika.

Mayasa alilivaa. Lilikuwa pana, lenye pande mbili za kifua zinazopishana, na upande wa juu ulifungwa kwa kamba chini ya kwapa la kulia. Alizifunga, akazifungua, akapitisha kidole chini ya kwapa la kushoto kutafuta jozi ya pili. Haikuwapo. Vilikuwapo vijitundu vya sindano, vimejipanga mahali ambapo kamba zilishonwa kisha zikafumuliwa.

Alitoa simu. Kampuni yake ilikuwa imelipiga picha joho la asili kabla ya kulikatia bima, mbele na nyuma, na picha anazo. Akaitafuta ya mbele, akaikuza kwa vidole viwili. Kamba zilikuwa kushoto kwa mvaaji.

"Inawezekana picha imegeuzwa," alijiambia kwa sauti, maana alikuwa na mazoea ya kubishana na nafsi yake kabla hajabishana na watu. Pembeni ya joho mpiga picha alikuwa ameweka rula, nazo tarakimu zilisomeka sawasawa. Picha haikugeuzwa.

"Falonne, Brigitte ni fundi mzembe?"

"Brigitte?" Falonne alikasirika kabisa. "Brigitte alinishonea robe, nguo ya ndoa ya dada yangu. Hakuna fundi kama ule mu Joburg nzima."

"Ndivyo nilivyosikia na mimi," Mayasa alisema, akivua joho. "Basi ninakwenda Jeppestown."

Karakana ya Brigitte ilikuwa chumba kimoja ndani ya jengo lililokuwa kiwanda cha viatu, kati ya wachomeleaji na duka dogo la mtaani, spaza. Alikuwa ameketi mbele ya cherehani asiyoikanyaga. Polisi walikuwa wamebeba mabaki yote ya hariri, wakaacha sakafu imejaa nyuzi.

"Mama Gaëlle, habari za tangu juzi."

"Siko na habari, Mama Mayasa. Niko na bwana ku gereza." Hakumkaribisha kiti. "Muko bote bamoja. Bima, polisi, bote."

"Tungekuwa wamoja nisingekuja peke yangu na swali moja. Kamba za lile joho ulilolishona. Kwanza ulizitia kushoto, si ndiyo?"

Brigitte aligeuka akamtazama. "Nani alikuambia?"

"Matundu ya sindano. Ulikosea?"

"Miye?" Jibu lilitoka kwa hasira, na Mayasa alifurahi kulisikia. "Miye nikosee? Nililipima ile ya zamani ku nyumba ya Bwana Kapadiya, kabla haijaenda ku kabati. Kamba ilikuwa ku kushoto, nikatia ku kushoto. Nilikuwa nimemaliza, haijaenda tu ku jumba! Kiisha yeye akanitumia audio, asema fumua, peleka ku kuume."

"Alisema kwa nini?"

"Tajiri hasemi juu ya nini. Anasema fanya."

"Na polisi uliwaambia?"

"Baliniuliza kama njo miye nilishona. Nikasema ndiyo. Bakaandika, bakaenda." Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Ile kamba ni kitu gani, Mama Mayasa? Kamba itamutoa Placide?"

"Sijui bado. Ile sauti unayo?"

Alikuwa nayo. Aliitafuta, akaiweka kwa sauti ya juu ili ishinde kelele za wachomeleaji. Sauti ya Kapadiya ilikuwa tulivu, Kiswahili chake safi cha Upanga, Dar es Salaam, alikokulia wakati baba yake yuko uhamishoni na wapigania uhuru.

"Mama, zile kamba za kushoto zifumue. Zote zikae kulia. Nitakuongeza kwa usumbufu. Na watu wa jumba la sanaa usiwaambie, hawana haja ya kujua."

Mayasa aliomba kuisikia tena. Kisha akaomba atumiwe kwenye simu yake, akamshika Brigitte bega. Mayasa alikuwa na hasira, na hasira ilimtuliza. Alijua sasa kwamba Kapadiya aliona tofauti ya kushoto na kulia kuwa jambo la kufichwa. Hakujua ni kwa nini, lakini alimjua mtu wa kumuuliza.

Daktari Ishaka, Mzanzibari, alifundisha historia ya biashara ya Bahari ya Hindi chuoni Braamfontein. Mayasa alimkuta anakula mkate wa mayai juu ya mitihani ya wanafunzi, na kila alipoona kosa alichora mstari kwa furaha isiyofichika.

"Bi Mayasa! Umekuja kunikamata?"

"Ukinijibu vibaya. Mwalimu, joho la mfalme kwa mfanyabiashara lilikuwa na maana gani?"

Ishaka alisukuma mitihani pembeni. Hilo alilipenda kuliko mkate. "Maana? Lilikuwa ngao. Chukua tajiri wa Surat. Ana merikebu, ana pamba, ana fedha za kumkopesha mwana wa mfalme anayetaka kupigania kiti. Lakini liwali wa bandari anaweza kumfunga kesho asubuhi akamkamua. Sasa tajiri anakwenda kwa mfalme na zawadi: farasi wa Kiarabu, lulu, vito. Mfalme anamvisha joho pale pale barazani, mbele ya watu. Akirudi Surat amelivaa, huyo liwali anamwinamia. Mfalme anapata mkopeshaji, mkopeshaji anapata kinga. Kila mmoja anamshikilia mwenzake."

"Na kamba zake? Zinafungwa upande gani?"

Mwalimu aliacha kutafuna. "Ajabu. Wewe wa pili kuniuliza."

"Wa kwanza ni Kapadiya."

"Umejuaje? Nilitoa hotuba usiku wa ufunguzi wa maonyesho, juu ya mavazi ya barazani. Nikawaambia kuna desturi moja: Muislamu hufunga joho kulia, Baniani hufunga kushoto. Ukimwona mtu kwa mbali unamjua dini yake. Watu wakacheka, wakapiga makofi, wakenda kula sambusa. Bwana Kapadiya akanifuata peke yake. Akaniuliza, je, fundi hawezi kukosea?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia fundi wa cherehani ya mtaani anaweza. Fundi wa mfalme hakosei hilo, maana anajua joho linamwendea nani." Ishaka alivua miwani. "Bi Mayasa, lile joho lao linafungwa upande gani? Mimi nililiona mgongo tu."

Mayasa alimwonyesha picha. Mwalimu aliitazama, akaiangalia na ile rula pembeni.

"Huyu ni Baniani," alisema polepole. "Na akina Kapadiya wanasema mzee wao aliyepewa joho ni Mulla Isufji, Muislamu mwenye merikebu. Wameliandika jina lake mpaka ukutani! Basi joho si la mzee wao."

"Mwalimu, siku ya Jumatatu utayasema haya mbele ya hakimu?"

"Ntayasema mbele ya yeyote, hata asiyetaka kusikia. Waulize wanafunzi wangu."

Mayasa alimpata Kapadiya Turffontein, kwenye mbio za farasi za Jumamosi, ndani ya chumba chake cha wageni juu ya uwanja. Kapadiya hakucheza kamari. Alimiliki farasi, akakaribisha watu, na Jumamosi hiyo aliyekaribishwa alikuwa naibu waziri mmoja aliyekaa katikati ya sahani za sambusa na kucheka kwa kila neno la mwenyeji. Kila gazeti lilikwisha kudokeza kwamba Kapadiya ndiye angeongoza ujumbe wa wafanyabiashara kwenda India, yeye mzao wa Surat, ukoo uliowakopesha wafalme.

"Bi Mayasa!" Alimjia mikono wazi, suti ya kijivu, ndevu zimechanwa. "Fidia yangu imeota miguu?"

"Imeota maswali. Tusimame kando kidogo."

Walisimama kwenye kibaraza. Chini yao farasi walikuwa wakizungushwa kabla ya mbio. Mayasa aliiweka ile sauti, chini kwa chini, simu ikiwa kati yao.

Kapadiya aliisikiliza yote na uso wake haukubadilika. "Nilimwambia fundi arekebishe kosa. Tangu lini hilo limekuwa jinai?"

"Kosa gani? Fundi alilinakili joho lako kama lilivyo. Ninayo picha."

"Basi nilipenda kulia."

"Ulipenda kulia baada ya hotuba ya Daktari Ishaka. Kabla yake hukuwa na habari. Ukamwuliza kama fundi wa mfalme hukosea, akakukatisha tamaa. Joho la kuigiza watu wangelivaa, kamba zingeonekana, ukazihamisha. La asili hukuweza kuligusa, kitambaa cha umri ule kingekuchanikia mkononi. Ukajipa moyo kwamba kifua kinaelekea ukuta. Kisha Falonne akakwambia mtaalamu wa Paris anakuja kulitoa nje." Alisema bila kupandisha sauti. "Una ufunguo. Ulilichukua mwenyewe, ukaripoti mwenyewe. Mimi nikapoteza siku nzima nikikagua mapato yako, kumbe wewe hukuwa ukitafuta fedha."

Kengele ililia uwanjani na farasi wakaanza kuingizwa vizimbani. Kapadiya alizishika nguzo za kibaraza.

"Babu yangu alibeba marobota ya vitambaa pale Surat," alisema hatimaye. "Mgongoni. Alilinunua joho kwa Baniani mmoja ambaye nyumba yake imefilisika, akaja nalo huku, akawaambia watoto ni la mzee wetu. Baba yangu amekufa akiamini. Mimi mwenyewe niliamini mpaka usiku ule, wallahi. Unajua linafanya nini jina kama hilo? Mtu kama yule," alimwashiria naibu waziri kwa kidevu, "anasikia babu zangu walikaa na wafalme, anavuta kiti akae na mimi. Mjukuu wa mchukuzi nani amvutie kiti?"

Mayasa alimwonea huruma, na alimwambia hivyo. "Ninakuhurumia, Bwana Kapadiya. Kama ungeishia kuficha nguo yako ndani ya kabati lako ningekwenda zangu. Lakini Placide analala sakafuni."

"Nitaondoa madai ya fidia leo hii. Nitamtafutia wakili mzuri kabisa."

"Wakili wa kumtetea kwa wizi wako?"

Kapadiya aligeuka akatazama farasi.

"Joho liko wapi?"

"Nimelichoma."

"Hukulichoma. Mtu anayelionea fahari namna hiyo hawezi kulitia moto, liwe la Baniani au la nani. Liko nyumbani. Tutapita kulichukua, halafu tunakwenda kituoni mimi na wewe."

"Na nikikataa?"

"Ninaingia humo ndani, ninamwekea mheshimiwa sauti yako."

"Hajui Kiswahili yule."

"Nitamtafsiria. Ndiyo kazi iliyonileta mji huu kabla ya bima."

Kwa mara ya kwanza Kapadiya alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeshindwa na anayelijua hilo. Alimwambia naibu waziri kwamba amepata dharura ya kifamilia. Naibu waziri aliinuka nusu, akampa mkono, akarudi kwenye sambusa.

Kituoni, kapteni wa zamu alimtambua Kapadiya kabla hajafika mezani. Alitoka nyuma ya kaunta, akavuta kiti chenye mto, akakipangusa kwa mkono, akamwagiza konstebo chai. Aliuliza kama gari limeegeshwa mahali salama. Mayasa hakupewa kiti, naye hakukiomba.

"Kapteni," alisema kwa Kiingereza, "naomba Placide aletwe."

"Huyo ni mshitakiwa, madamu. Bwana huyu ni mlalamikaji. Si utaratibu."

"Mlete."

Kuna sauti ambayo hata maofisa huitii kabla ya kufikiri, na Mayasa aliirithi kwa mama yake aliyekuwa mwalimu mkuu. Placide aliletwa na pingu, ndevu zimemjaa, viatu havina kamba. Alipomwona Kapadiya uso ulimfunguka kabisa.

"Patron! Ulikuja!" Akaigeuza mikono yenye pingu kwa Mayasa. "Mama, umuone muntu wa Mungu. Kila siku ananitumia chakula hapa. Biriani, na jus, na sabuni. Benyewe polisi banashangaa. Njo niko namuombea, asubuhi na mangaribi, Mungu abariki nyumba yake."

Mayasa alikuwa amekuja na maneno yake yamepangwa. Aliyaacha. Alimgeukia Kapadiya, ambaye kikombe cha chai kilikuwa kimeletwa mbele yake na mvuke unatoka.

"Mwambie," alisema. "Mwambie wewe, kwa Kiswahili, asiambiwe na mtu mwingine."

Kapadiya aliinuka kitini. Alifungua sanduku walilolipitia nyumbani kwake, na dhahabu ya joho ikaonekana chini ya taa. Kapteni alisema neno la Kizulu ambalo halisemwi kazini.

"Placide," Kapadiya alianza, akakohoa. "Ni mimi niliyelitoa. Hukuiba wewe. Nilijua tangu mwanzo." Mayasa akayarudia maneno hayo kwa Kiingereza, kapteni asikie.

Placide alilitazama joho, akamtazama yeye. Hakupiga kelele. Alisimama tu, na tabasamu lake lilichukua muda kuondoka, maana lilikuwa la kweli.

"Na ile chakula?" aliuliza.

Tajiri alitazama chini, na kapteni akaanza kutafuta ufunguo wa pingu mfuko huu na mfuko ule, uso umemwiva. Zilipofunguka, Placide alijisugua vifundo vya mikono. Mayasa akakivuta kile kiti chenye mto, akakizungusha, akamwambia akae. Alikaa. Kapadiya akabaki amesimama mbele ya kaunta, na kapteni akachukua kalamu, akamwuliza jina lake kamili kwa sauti ambayo hajawahi kuulizwa nayo.